Katapila Lisilojua Kulia

Nimelinunua kwa dola mia tisa
pamoja na mti uliomea kati ya minyororo yake,
mti wa gome jeupe, mnene kama paja langu.
"Mti ni bure," alisema mpwa wa Ovila
akihesabu noti mara ya pili.
Dada yangu Huguette alishika kiuno:
Una miaka sitini na minane. Wenzako wanafuma soksi.
Nikamjibu, soksi ninazo.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa nyuma ya kaunta ya posta
nikigonga mihuri. Spana sikuwahi kushika.
Katapila hili nililijua kwa sauti tu,
lilipopita dirishani mwezi Mei, theluji ikishayeyuka,
na vikombe kabatini vikatetemeka meno.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kutu.
Jioni naimwagia nati mafuta,
asubuhi naijaribu, nati inanitazama.
Nikaichoma kwa moto wa gesi hadi ikaiva,
nikaipiga nyundo, nikaitukana
kwa maneno ambayo padri hadhani ninayajua.
Ikazunguka robo.
Robo! Nikaingia ndani nikajimiminia divai.

Kwenye bomba la moshi, kiota cha panya,
kimetandikwa pamba ya kiti.
Chini ya kiti, glovu moja, ya kushoto,
na bahasha yenye muhuri wangu, Juni ya sabini na nne,
ndani yake risiti ya grisi.
Nimeirudisha palepale.

Agosti ya pili likawaka.
Moshi mweusi, kisha mweupe, kisha hakuna moshi,
na Maude, mjukuu wa Huguette, ameziba masikio anacheka.
Nikavuta wenzo wa kushoto: likageuka
polepole, kama ng'ombe aliyeitwa kwa jina.
Nikavuta wa kulia.
Likanyooka moja kwa moja hadi kwenye kabichi.

Klachi ya kulia imekufa, na haikufa jana.
Kutu yake ni kongwe kuliko kutu nyingine yote niliyoikwangua.
Ndipo nikainua macho nikaitazama barabara yetu.
Njia ya kwa Lacasse inapinda kushoto.
Ya kwa Bolduc, kushoto.
Bwawa la bata ni duara, na kila mtu husifu uduara wake.
Hata njia yangu mwenyewe, inayouzunguka ukumbi bila sababu,
ambayo nimeilaani kila nikibeba kuni,
kushoto.
Miaka arobaini Ovila hakusema.
Akitaka kwenda kulia alizunguka robo tatu ya duara
macho mbele, kofia imekaa sawa,
nasi tukadhani ni madaha yake.

Siku ya maziko yake nilisimama safu ya nyuma.
Kulia sikujua mimi pia.
Nilihesabu vifungo vya koti la mtu wa mbele yangu, nikarudi posta,
nikafungua dirisha saa nane kamili.

Sahani za klachi zilikuja kwa posta mwezi wa kumi, kilo kumi na nne.
Kijana wa kaunta alinipa kalamu, hakunijua.
Sanduku liko rafuni, juu ya makopo ya rangi.
Rangi nimeshapaka, manjano.
Sanduku bado.

Leo Bolduc ameniomba nikamsogezee mchanga.
Anakaa upande wangu wa kulia, hatua mia mbili.
Nimetoka, nimekata kushoto,
nimepita nyuma ya ghala, kando ya shayiri,
nimempungia Huguette aliyetikisa kichwa,
nimelizunguka bwawa.
Nilipofika, mke wa Bolduc alikuwa mlangoni,
kahawa mkononi imeshapoa.
Ulikuwa wapi muda wote huu?
Njiani, nikasema,
nikainywa hivyo hivyo.